Zamu ya Siku 69

Hadithi hadithi!

Naam, hadithi njoo. Ila leo mkifika pale kwenye uwongo njoo, mezeni neno, maana hii ninayowapa haina uwongo hata wa kuonjea. Wengi waliomo wangali hai, wana majina yao na watu wao, na nikizidisha chumvi wapo wa kunisuta. Basi sogeeni. Wewe uliyekaa kizingitini, ingia ndani, unaziba njia.

Kule Amerika Kusini iko nchi ndefu na nyembamba iitwayo Chile, upande mmoja bahari, upande mwingine milima ya Andes. Kaskazini mwake limetanda jangwa la Atacama, kavu kupita karibu kila mahali duniani. Juu ya ardhi hakuna cha kuokota. Utajiri uko chini: shaba na dhahabu. Ndiyo maana huko uchimbaji ni kazi ya baba na mwana na mjukuu.

Karibu na mji wa Copiapó palikuwa na mgodi uitwao San José. Msiufikirie kama kisima. Ilikuwa barabara ya kupita lori, inateremka kwa kuzunguka, duara chini ya duara, kilomita kadhaa, hadi kina cha mita 700 na zaidi. Mgodi ulikuwa mkongwe, umechimbwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 2007 ulifungwa kwa sababu ya ajali zilizoua watu, mwaka uliofuata ukafunguliwa tena. Wachimbaji walijua una hatari, na walisikia mlima ukinguruma. Waliingia kwa sababu malipo yake yalizidi kidogo ya migodi ya jirani, na nyumbani kulikuwa na kodi na ada za shule. Hilo mnalielewa bila mimi kulirefusha.

Alhamisi, tarehe 5 Agosti 2010, mchana wa kwenda kula, mlima ukavunjika ndani kwa ndani. Kipande kimoja cha mwamba, kizito kuliko jengo la ghorofa nyingi, kiliachia na kushuka, kikakata ile barabara tabaka baada ya tabaka. Upepo wa kishindo ukawabwaga watu chini. Kisha likaja vumbi, na vumbi lile halikuondoka upesi. Likakaa saa kadhaa, zito, mtu anawasha taa ya kofia na bado haoni kiganja chake. Lilipopungua wakaitana na kuhesabiana. Walikuwa 33. Hapana aliyekufa, na hapana aliyejua kwa nini hakufa.

Msimamizi wa zamu ile aliitwa Luis Urzúa. Umri wake miaka 54, ujuzi wake upimaji wa ardhi, na nje ya kazi alipata kufundisha timu ya mpira. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. San José alikuwa hajakaa sana, ana miezi michache tu, na vijana wengine wa zamu yake hakuwazoea. Katika migodi ya kule msimamizi huvaa kofia ngumu nyeupe, na kofia hiyo ina nguvu ya sheria: zamu ikiwa chini ya ardhi, neno la mwenye kofia nyeupe ndilo la mwisho. Iwekeni kofia hiyo akilini, nitaihitaji.

Urzúa, pamoja na msaidizi wake Florencio Ávalos na wenzao wachache, wakafuata barabara kwenda juu waone kulikoni. Hawakufika mbali. Mbele yao kulikuwa na jiwe moja tu, la kijivu, bapa, limeziba njia kutoka chini hadi juu. Vifusi mchimbaji havimtishi. Atavisogeza, atapitisha kichwa, atapitisha bega. Lile jiwe halikuwa la kusogezwa. Wenzake waliona jiwe, na Urzúa aliona jiwe na hesabu iliyokuwa nyuma yake, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima, na kichwani alikuwa na michoro ya njia zote za juu ambazo sasa hazikuwapo.

Hapa nasimama niwaulize. Wewe ndiye mkubwa wa zamu. Umeelewa jambo ambalo wenzako hawajalielewa, nalo ni kwamba huenda hatoki mtu. Utarudi uwaambie nini?

Nasikia mmoja anasema, nitawaambia msiogope, kesho tutatoka. Vizuri. Kesho imefika, jua limechwa huko juu, hamjatoka. Sasa neno lako la keshokutwa atalinunua nani?

Urzúa hakuuza kesho. Hakutangaza kifo wala hakuahidi kutoka. Alihangaika na yaliyokuwa karibu. Kulikuwa na njia ya kupitishia hewa, shimo la wima ambalo lilitakiwa liwe na ngazi ya kuokolea watu siku kama ile. Wakapanda gizani, mmoja wao Mario Sepúlveda, mtu mwenye kelele na nguvu za ajabu, mikono ikiteleza kwenye unyevu na vijiwe vikiwagonga vichwani. Wakafika mahali ngazi ikaisha, na kutoka hapo kwenda juu hapakuwa na hata kipande cha chuma cha kushika. Wakashuka. Wakapiga honi za magari. Wakachoma matairi ili moshi upande kwenye nyufa. Wakalipua baruti ili walio juu wasikie. Mlima ukanyamaza.

Ndipo likatokea jambo ambalo waliokuwamo hawakukubaliana juu yake, hata baada ya kutoka. Mbele ya kundi zima Urzúa akavua kofia nyeupe. Akasema hapa hakuna tena bosi na mfanyakazi, sote ni sawa, na mambo tutayaamua kwa kura. Watu 16 na mmoja juu yao, hao ndio wengi. Pigeni hesabu wenyewe muone kama hakukosea.

Baadhi yao walichukia. Mtu aliyezoea kupewa amri akiona mwenye amri anaiweka chini, hujiona ametupwa. Wapo waliosema huyu amekimbia mzigo. Na hawakukosa ushahidi, kwa sababu katika saa za kwanza wachache wenye njaa na hofu walivunja kabati la akiba wakala biskuti na kunywa maziwa, bila kumuuliza mtu. Mkubwa mwenye mkono mzito, walisema, asingeruhusu hayo.

Mimi niko upande wa Urzúa, ingawa si kwa asilimia mia. Amri ina nguvu pale ambapo nyuma yake kuna kitu: mshahara, kufukuzwa kazi, barua ya onyo. Chini kule hapakuwa na mshahara wala ofisi. Angebaki na kofia kichwani akipiga kelele, na siku ambayo mmoja angekataa kutii, wote 33 wangeona kwamba kofia ni plastiki. Kuivua mapema, kwa hiari, kabla hajavuliwa, kulihitaji moyo mgumu kuliko kuivaa. Ila ni kweli pia kwamba alinyamaza mno siku zile za mwanzo, na wakati wa hofu kimya cha mkubwa hutafsiriwa vibaya.

Tazameni sasa kilichotokea nafasi ilipoachwa wazi. Sepúlveda, yule mwenye kelele, akashika chakula. José Henríquez, Mkristo wa kiinjili, akaongoza sala. Mario Gómez, mzee wa miaka 63 ambaye mapafu yake yalikuwa yameharibiwa na vumbi la migodi, akawa wa kusikilizwa na vijana. Mdogo kuliko wote, Jimmy Sánchez, alikuwa na miaka 19. Urzúa mwenyewe alilala kwenye kiti cha gari lake la kazi, mbali kidogo na chumba cha kimbilio, akawa anazunguka kati ya makundi. Maana walishagawanyika: wengine walilala kimbilioni, wengine kwenye mteremko wa barabara, wengine mahali walipopaita 105, kwa namba ya kimo chake katika michoro ya mgodi. Watu 33 wakikosa chakula hawawi ndugu kwa sababu tu wako shimo moja. Walinuniana, walitupiana maneno, nusura wapigane.

Niwaonyeshe chakula chenyewe, kwa sababu hapo ndipo hadithi nzima ilipo.

Kimbilio lilikuwa chumba kilichochongwa kwenye mwamba, ukubwa wa darasa dogo. Akiba ya humo ilikusudiwa watu wachache kwa siku mbili hivi. Makopo ya samaki jodari, biskuti, maziwa kidogo. Maji yalikuwapo, lakini ni yale ya matangi ya kutumia na mashine, yana utando na ladha ya mafuta. Joto lilizidi nyuzi 30 usiku na mchana, kama maneno hayo yana maana mahali pasipo na jua.

Saa ya kula ilikuwa adhuhuri. Kwanza sala. Kisha vikombe vya plastiki vinapangwa, 33. Sepúlveda anafungua kopo, anachota kijiko kidogo cha jodari, anatia kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, macho yote yakifuata kijiko kama kimejaa au kimepungua. Anaongeza maji kidogo, unapatikana mchuzi wa kulowesha ulimi. Biskuti ikiwepo, inafuata. Hapeleki mtu kikombe mdomoni mpaka wa mwisho apewe. Mwanzoni walikula hivyo mara moja kwa siku. Baadaye ikawa mara moja kwa siku mbili, na walipozidi kukonda wakakubaliana wasogeze hadi siku tatu.

Zingatieni: mtu mwenye njaa, ameshika kikombe, anamngojea wa 33. Hakuna askari wala fimbo. Siku ya kwanza baadhi ya hao hao walivunja kabati. Kilichowabadilisha hakikuwa hotuba. Ni ile saa moja ya adhuhuri, kila ilipofika, na kijiko kile kile mbele ya macho ya wote. Baada ya kula ikaingia desturi nyingine: aliyekosa anasimama na kuomba radhi mbele ya wenzake. Nilipaza sauti jana. Sikwenda kusaidia kuchota maji. Mambo madogo hivyo, wanaume wazima, mashati wamevua kwa joto, mbavu zimeanza kuonekana.

Msidhani mateso ya namna hii ni ya ng'ambo tu. Kwetu Kahama, mwaka 2015, wachimbaji wadogo walifukiwa, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41 wakiwa wamejilisha wadudu na vyura. Habari zao zilitangazwa siku chache, zikapita. Natamani siku moja mmoja wenu azifuatilie azisimulie kwa kirefu, kwa sababu wao hawakuwa na kabati hata la kuvunja.

Turudi Chile, tupande juu kidogo.

Juu kulikuwa na mtu mwingine asiyejua la kufanya: Laurence Golborne, waziri wa madini. Hakuwa mtu wa migodi. Alitoka kwenye biashara ya maduka makubwa, na uwaziri wake ulikuwa wa miezi michache. Waokoaji walijaribu kushuka kwa njia ya hewa, lakini tarehe 7 Agosti mlima ukaporomoka mara ya pili ukaiziba. Waziri akatoka mbele ya familia akawaambia kwamba habari si nzuri, machozi yakimlenga. Wapo waliomlaumu kwa machozi yale. Ila tangu siku hiyo familia zilianza kumwamini, na alipokuja kuleta habari njema hawakuhitaji kuuliza kama ni kweli.

Familia zenyewe zilipiga kambi jangwani, mlangoni mwa mgodi, baridi kali usiku na vumbi mchana. Wakaiita Kambi ya Matumaini. Mama mmoja, María Segovia, dada wa mchimbaji Darío Segovia, alikuwa muuzaji wa empanada, maandazi yale yenye nyama ndani. Hakuwa na cheo chochote. Alianza kwa kudai majibu na kupanga nani atalala wapi, na punde watu wakamwita meya wa kambi. Alikataa kuondoka, akakataa pia wengine waambiwe waondoke. Serikali ilipotaka kuzungumza na kambi, ilijua itazungumza na nani.

Kazi ya kuwatafuta ikapewa mhandisi André Sougarret. Mashine za kuchoronga zikaanza kutoboa mlima kwa matundu membamba, kadiri ya upana wa chungwa. Ni rahisi kusema. Bomba likifika mita mia kadhaa linapinda kwa uzito wake, na michoro ya mgodi haikuwa ya kuaminika. Unalenga chumba kidogo kilichoko mita 700 chini, hujui kama kuna aliye hai, na tundu moja huchukua siku kadhaa. Tundu la kwanza likakosa. La pili likakosa.

Walio chini walisikia yote. Sauti ya keekee ilikuja siku baada ya siku, ikikaribia, wakaweka masikio ukutani wakibishana iko upande gani. Kisha, wakiwa wamekaa wiki mbili, keekee moja ikaja karibu kabisa, ikapita pembeni, ikaendelea kushuka chini yao, ikanyamaza. Walifikiriwa kuwa wako mahali pengine. Víctor Segovia, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kila siku kwenye karatasi alizozipata, na wenzake wengine walianza kuandika barua za kuaga.

Mnaniuliza Urzúa alifanya nini siku ile. Hakufanya tendo lolote la kusimuliwa. Adhuhuri vikombe vilipangwa.

Jumapili, tarehe 22 Agosti, kabla hakujapambazuka huko juu, keekee ikatoboa dari ya njia iliyokuwa karibu na kimbilio. Siku ya 17. Wakakimbia, walioweza kukimbia, wakaigonga kwa spana na vyuma, kwa furaha ya wazimu, wakihofia isije ikavutwa juu bila kujua. Wakaipaka rangi nyekundu. Wakaifunga karatasi. Mzee Gómez alitia barua kwa mkewe. José Ojeda aliandika maneno machache kwa wino mwekundu, kusema kwamba wote 33 wako salama kimbilioni. Juu, karatasi ile ilipokunjuliwa na kusomwa mbele ya kamera, Chile nzima ikalia. Gari zikapiga honi hadi mji mkuu, Santiago.

Kesho yake ikateremshwa simu. Golborne akaongea juu, Urzúa akapokea chini, akajitambulisha kama msimamizi wa zamu. Watu walitegemea ataomba chakula. Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni tangu Alhamisi ile: wenzao waliokuwa wakitoka nje wakati mlima unaanguka, akiwemo dereva wa lori aliyepishana nao. Je, walipona? Akaambiwa wote walitoka, hakufa mtu. Kwenye simu zikasikika shangwe, wanaume waliokaa siku 18 kaburini wakishangilia usalama wa watu wengine. Kisha wakaimba wimbo wa taifa.

Wengine hudhani hadithi imeishia hapo. Kumbe ndiyo inafika kwenye ugumu wake wa pili, ambao mimi nauona mbaya zaidi. Kupatikana si kutoka. Tundu lile lilipitisha mrija wa chakula, dawa na barua, walioupa jina la njiwa. Lakini tundu la kupitisha mtu lilihitaji kuchorongwa upya, na wataalamu walikadiria litakamilika karibu na Krismasi. Miezi minne! Baadhi ya wakubwa walishauri wasiambiwe, wasije wakakata tamaa. Siku chache baadaye wakaambiwa kwamba si mapema. Walipokea kwa utulivu kuliko walivyotegemewa. Wameshakula kijiko kimoja kwa siku mbili, sasa kuna njiwa, wangeshindwaje?

Ila tumbo likijaa, midomo nayo hufunguka. Magomvi yakarudi, safari hii ya barua zilizochelewa na ya nani aongee na nani juu. Dawa yake haikuwa mpya: kazi. Wakagawanywa zamu tatu za saa nane. Mashine ya kupanua tundu iliangusha mawe chini mfululizo, na ni wao wenyewe waliotakiwa kuyazoa na kuyasomba, la sivyo tundu la kuwaokoa lingejiziba. Kwa hiyo waliokuwa wakiokolewa walikuwa nao ni waokoaji. Urzúa akapata kazi aliyoijua: akachora ramani ya njia za chini, vipimo vyote, ili wahandisi wa juu wajue wanatoboa kuelekea wapi. Yonni Barrios, ambaye zamani alijifunza kumdunga mama yake sindano, akawa muuguzi wao, akiwachanja na kuwapima kwa maelekezo ya madaktari wa juu. Edison Peña akawa anakimbia kilomita kwa kilomita mahandakini, viatu vya kazi amevikata shingo. Mwezi Novemba mwaka huo huo alikimbia marathoni ya New York akamaliza, lakini hiyo ni hadithi yake.

Mashine tatu zilishindana kushuka, Mpango A, B na C. Mpango B ukatangulia, tarehe 9 Oktoba, miezi miwili na nusu kabla ya Krismasi. Jeshi la majini la Chile lilikuwa limeunda chombo cha chuma cha kupandia, kiitwacho Fénix, kipana sentimita 54 hivi. Pimeni hapo mabegani mwenu. Mtu anasimama wima ndani, mikono ameikunja, anavutwa kwa waya mita mia sita na zaidi, kama robo saa, gizani.

Nani atangulie? Nani abaki? Safari hii mabishano yalikuwa ya ajabu, maana wapo waliotaka kuwa wa mwisho. Wakatangulia wachache wenye afya na akili tulivu, wakiongozwa na Florencio Ávalos, ili chombo kikikwama njiani wajue la kufanya. Wakafuata wagonjwa na wazee. Ávalos alitoka dakika chache baada ya usiku wa manane kuingia tarehe 13 Oktoba. Sepúlveda alitoka na mfuko wa mawe ya mgodi akawa anawagawia wakubwa kama zawadi, huku akipiga kelele zake. Carlos Mamani, mgeni pekee, Mbolivia, alitoka akapokewa na rais wa Chile, na rais wa nchi yake akaja kumwona baadaye.

Urzúa alikuwa wa 33. Saa nne kasoro dakika chache usiku alifika juu, miwani ya jua machoni, na Rais Sebastián Piñera akiwa amesimama pale. Mbele ya kamera za dunia, yule mpima ardhi alizungumza kama anavyozungumza msimamizi mwishoni mwa siku ya kazi. Akamwambia rais kwamba anamkabidhi zamu. Rais akaipokea.

Ile zamu ya Alhamisi, kwake, haikuwa imekwisha. Aliivua kofia, lakini hesabu ya watu wake hakuiacha hata siku moja, tangu vumbi lilipotua hadi chombo kilipompandisha yeye, na kwa siku zote 69 jibu lilikuwa 33.

Msiende kulala mkidhani walikaa raha mustarehe. Wengi walisumbuliwa na majinamizi, wengine na pombe, wengine hawakuweza tena kukaa chumba kisicho na dirisha. Wapo waliokosa kazi na wapo waliorudi migodini, kwa sababu ndiyo kazi waliyoijua. Kabla ya kutoka walikubaliana kwamba hadithi yao ni mali ya wote kwa usawa, kitabu kikiandikwa au filamu ikitengenezwa, na vyote viwili vilifanyika. Fedha hazikuwa kama walivyotarajia, na baadhi yao walikuja kulalamika wazi wazi, hata wao kwa wao. Mgodi wa San José ulifungwa. Upelelezi wa jinai juu ya wenye mgodi nao ulifungwa mwaka 2013, bila mtu kushtakiwa, na baadhi ya wachimbaji walijitokeza kusema kwamba hawakuridhika.